Kibanio cha Tangi Namba Tisa

Jumapili, 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: si baba, si mama, wala lile daftari langu ambalo huwa silifichi kitu. Nakuandikia wewe kwanza kwa kuwa wewe ndiye uliyevunjika nyonga. Ningepiga simu, lakini simu ya wodi yenu iko mezani kwa muuguzi, na mimi kwenye simu unanijua, nasema "haya" mara kumi kisha nakata.

Siku ile ya ajali, sikusema "kimelia".

Sheria uliiweka mwenyewe siku uliponiruhusu kuingia nyuma ya matangi kwa mara ya kwanza. Anayeshusha mfuniko wa tangi namba tisa anabana kibanio mpaka kilie "ta". Kisha anasema kwa sauti, "Kimelia." Mwenzake, awe kwenye pampu au stoo, anaitikia, "Nimesikia." Bila maneno hayo mawili, ulisema, tangi halijafungwa hata kama limefungwa. Fundi Pampu alicheka akasema umegeuza jumba la samaki kuwa kambi ya jeshi, lakini na yeye huitikia.

Siku ile darasa letu zima lilikuwa mbele ya kioo. Nilijitenga nao nikaja nyuma kukusaidia kumlisha pweza wetu, Mkaguzi, nikijiona mtu mzima, mpaka nilipopanda ngazi na kuwaona wote wananitazama kupitia kwenye maji, pamoja na wale watatu wa dawati la nyuma wanaoniita Maktaba. Pweza alikuwa ameshamaliza kaa wake. Nilishusha mfuniko. Nilijua nikipaza sauti tu, neno hilo watalirudia shuleni mpaka tumalize mtihani wa mwisho. Nikakaa kimya. Na kwa sababu sikusema, sikumbuki kama nilibana. Nimejaribu kuukumbuka ule mlio. Wa jana yake naukumbuka, wa juzi yake pia. Wa siku ile haupo.

Mwalimu alituita, akatuhesabu, tukaondoka. Yaliyofuata nimesimuliwa na Fundi: kwamba ulitoka stoo ukamkuta Mkaguzi sakafuni anaelekea kwenye tangi la kaa, ukakimbia, ukateleza. Kwamba alipofika alikukuta umelala chini, umemfunika pweza kwa aproni uliyoilowesha, naye amekushika mkono kwa minyiri mitatu, na ukamwambia Fundi, "Mtoe huyu kwanza."

Sasa Mkuu amebandika tangazo. Anasema pweza anayejifungulia mwenyewe hawezi kukaa kwenye jumba linalopokea watoto wa shule. Tarehe 31 atapelekwa maabara ya chuo, kule wanakojifunza kupasua. Hakuna anayebisha, maana kila mtu ana kisa chake cha Mkaguzi. Huyu alimwona akizungusha kifuniko cha chupa mpaka akamtoa kaa ndani. Yule alimwona akikagua saa yako kwa ncha ya mnyiri, pande zote, kama askari wa getini. Na Fundi mwenyewe anasimulia jinsi anavyorushiwa maji yeye peke yake kati ya watu wote, hata siku alipovaa kofia ya Mkuu ili asijulikane. Akili zake ndizo zimekuwa shitaka. Mimi peke yangu najua kwamba si akili zake, ni aibu yangu.

Kesho nitamwambia Mkuu. Nimetaka ujue kabla yake.

Nyumbani hawajambo. Baba anasema akipata likizo atakuja, na kwamba usiwasumbue wauguzi.

Mimi wako,
Miwani


Jumamosi, 12 Mei

Miwani,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta nafundishwa kukaa kitako upya, kama mtoto wa miezi sita. Anayenifundisha ni kijana mwenye mikono ya chuma na maneno matamu. Kila nikilia ananiambia, "Safi sana, mama." Nimeshaanza kutembea mpaka dirishani.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile ulisema. Nilikuwa stoo nafungua mfuko wa chumvi, nikakusikia, nikakuitikia. Kisauti chako ni kidogo, ndiyo maana wenzako hawakusikia na wewe mwenyewe umesahau. Mlipoondoka nilimfungulia tena mimi, nikampa kaa mmoja mdogo aliyebaki kwenye ndoo, na nikasahau kubana. Ni umri. Leo hii nimemwandikia Mkuu na kumweleza hivyo hivyo. Kwa hiyo usiende kwake. Kama ulishakwenda, rudi ukamwambie ulichanganya siku.

Humu wodini wananiita Mama Pweza. Wananiuliza kama ni kweli nililala sakafuni nimeshikana mikono na mnyama. Nawaambia ni kweli, kwa dakika ishirini. Bibi wa kitanda cha pili ananiuliza kama alikuwa ananipenda. Wewe unayesoma vitabu unaweza kumjibu vizuri kuliko mimi. Mimi nimemwambia sijui. Labda alishika kwa sababu mkono ulikuwa na maji. Ninachojua ni kwamba niliita, na pampu zilikuwa zinanguruma, hakuna aliyesikia. Na kwa muda wote huo sikuwa peke yangu.

Niambie anakula? Na nani anamlisha? Kama ni Fundi, mwambie asivae zile glavu za njano. Hazipendi.

Shangazi yako


Jumapili, 13 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako bado, lakini naandika kwa sababu limeshatokea.

Nilisema nitakwenda kwa Mkuu Jumatatu. Jumatatu nilifika mlangoni nikasoma kibao cha mlango. Jumanne alikuwa na wageni, na nilishukuru. Jumatano na Alhamisi sitaki kuzieleza. Ijumaa niliandika yote kwenye karatasi, nikaingia, nikaiweka mezani, nikasema "shikamoo" na "kwaheri" kwa pumzi moja, nikatoka. Mkuu alinikuta kituo cha basi, amebeba karatasi yangu mkononi na miwani yake kichwani. Aliniuliza kama niliyoyaandika ni kweli. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akasema nimefanya jambo la kiungwana na kwamba hata hivyo sitaingia tena nyuma ya matangi mpaka utakaporudi wewe. Kisha akarudi jumbani na kulibandua lile tangazo pale ngazini kwa kucha zake mwenyewe. Nilimfuata kwa mbali, nikamwona kupitia dirisha.

Kwa hiyo Mkaguzi anabaki. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Baba alipopata habari aliniongezea chakula mara mbili wakati wa kula, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Fundi ndiye anayemlisha. Anasema anashuka ngazini ameloa mpaka soksi. Amejaribu kumwendea kwa upande mwingine, amejaribu kuinama, amejaribu hata kumwimbia. Mkaguzi anakaa mdomoni mwa chungu chake na jicho moja limetoka nje, anamsubiri afike mahali pake, kisha anamlenga. Siku tatu hajala.

Ukirudi ataacha. Ukirudi mambo yote yatakuwa sawa.

Nisamehe kuhusu nyonga.

Miwani


Alhamisi, 17 Mei

Kwa Mhudumu Mkuu wa Matangi, aliyelazwa
Nakala: Binti wa kaka yake

KUHUSU: KIBANIO CHA TANGI NAMBA TISA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika muda wa siku nne nimepokea barua mbili. Ya kwanza ni ya binti wa kaka yako, anayesema kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kugusa kibanio na huenda hakukibana. Ya pili ni yako, unayesema kwamba wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho na hukukibana. Kibanio ni kimoja. Wakosaji ni wawili. Kila mmoja ameomba adhabu apewe yeye.

Sina nia ya kumwadhibu mtu. Ninachotaka kujua ni kama mfuniko ule unaaminika, na barua zenu mbili zimenifanya nijue kidogo kuliko nilivyojua kabla ya kuzisoma. Wageni wanaopita jumbani ni wengi, sakafu ni ile ile, na mtu mmoja ameshavunjika. Hivyo tangazo langu limerudi mahali pake. Nisipopata maelezo ninayoweza kuyaamini kabla ya tarehe 31, pweza ataondoka.

Nakutakia nafuu ya haraka. Fundi anaomba nikufikishie kwamba jana pweza amekula, baada ya yeye kujaribu kuvua glavu.

Mkuu wa Kituo


Jumamosi, 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako na ya Mkuu zimefika siku moja. Nimeisoma yako mara nne.

Umedanganya, Shangazi. Sikusema "kimelia", kwa hiyo hukuweza kuitikia. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo nina uhakika nalo kabisa, na ndilo ulilochagua kulibadilisha. Sijakasirika. Nimejiuliza tu: ina maana uliamini kwamba ni mimi?

Lakini kuna kubwa kuliko hilo. Leo nilikwenda jumbani kama mgeni, kwa kupita mlango wa mbele. Nimekatazwa nyuma, sijakatazwa mbele. Nilikaa kwenye benchi linalotazama tangi namba tisa tangu walipofungua, na kitabu cha viumbe wasio na uti wa mgongo mapajani. Saa tano Fundi alikuja kumlisha bila glavu. Mkaguzi alimrushia maji mara moja tu, kama salamu. Kisha Fundi alishusha mfuniko, nikasikia "ta" kupitia kwenye kioo, naye akapaza sauti, "Kimelia." Hakukuwa na mtu wa kumwitikia. Nikasema, "Nimesikia," polepole, mimi na kitabu changu.

Nakwambia hili ili ujue kwamba lilikuwa limefungwa. Nimelisikia mwenyewe.

Wageni walipopungua Mkaguzi alitoka chunguni. Alipanda kioo taratibu mpaka juu, rangi yake imefanana na jiwe. Pale juu unapopita mpira wa hewa kuna tundu, unalijua, la ukubwa wa kidole gumba. Aliingiza mnyiri mmoja ukapita pembeni ya mpira. Ukatoka nje. Sikuuona wote, lakini niliuona mwisho wake ukipapasa juu ya mfuniko, kama mtu anayetafuta swichi katika chumba kisichokuwa chake. Haukupapasa sana. Ulikwenda kwenye kibanio, ukaingia chini ya ulimi wake, ukakunja. "Ta." Mlio ni ule ule wa kufunga. Kisha mfuniko ukanyanyuka, upana wa vidole viwili.

Jicho lake wakati wote huo lilikuwa linanitazama mimi. Kitabu kinasema sehemu kubwa ya akili za pweza iko kwenye minyiri, kwamba mnyiri unaweza kushughulika na jambo lake huku kichwa kikishughulika na lingine. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Leo nimeiona.

Watoto wawili walikuja kugonga kioo, akarudi chunguni na mfuniko ukashuka bila kubanwa. Nilikimbia mpaka mlango wa pampu nikamwambia Fundi aweke tofali juu ya mfuniko. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia aweke tu, tafadhali. Akasema leo Miwani ana sauti, ngoja aweke kabla haijakwisha. Akaweka. Sikumweleza.

Kwanza nilifurahi, Shangazi. Si mimi wala si wewe. Nilitembea mpaka kituo cha basi nikicheka peke yangu. Basi lilipofika ndipo nilipoelewa kwamba Mkuu alikuwa sahihi tangu mwanzo. Tangazo lake linasema "pweza anayejifungulia mwenyewe". Nikisema ukweli, nasafishika mimi na Mkaguzi anapasuliwa. Nikinyamaza na kushikilia barua yangu ya kwanza, labda wewe ukafuta yako, anabaki. Lakini siku Fundi atakaposahau tofali atatoka tena, akauke sakafuni au mtu mwingine ateleze.

Na bado sijui kama siku ile nilibana. Najua tu kwamba hata ningebana, kubana kusingetosha.

Niambie nifanye nini.

Miwani


Alhamisi, 24 Mei

Miwani,

Umeniuliza swali, nalijibu. Ndiyo, niliamini ni wewe. Siku ile sikusikia chochote. Nilikuwa stoo nimekalia mfuko wa chumvi, nimevua viatu, nanyoosha miguu, jambo ambalo Mkuu halijui na wewe hutamwambia. Barua yako ilipokuja niliona kwamba miaka kumi na sita ni michache mno kubebeshwa nyonga ya mtu. Nikaibeba mimi. Nilidhani nakusaidia. Kumbe nilikuwa nakuhukumu kimyakimya kisha nikakufutia, na hukuwa umeniomba lolote kati ya hayo. Nisamehe.

Kwa kuwa tumeanza kusemeshana ukweli, pokea na huu. Dirishani sijafika. Nafika ukingoni mwa kitanda. Daktari amesema nitatembea, kwa fimbo, lakini sakafu yenye maji na ngazi za matangi basi. Kwa hiyo usiendelee kupanga mambo kwa "ukirudi". Nitakuja, nitakaa kwenye benchi lako mbele ya kioo kama mgeni mwingine. Nyuma sirudi.

Nimeandika sentensi hiyo na bibi wa kitanda cha pili amenipa kitambaa.

Kuhusu Mkaguzi, sikuambii ufanye nini. Nikikuambia sema, na wakamchukua, utanichukia mimi. Nikikuambia nyamaza, na akakutwa amekauka, utajichukia wewe. Wewe ndiye uliyemwona. Ila kumbuka kwamba pweza haishi miaka mingi. Huyu amekwisha kuvuka nusu ya umri wake. Tunachobishania ni miezi. Usiiite michache, kwake ni mingi.

Nimelala hapa namkumbuka tu. Unakumbuka burashi yangu ya kusugulia kioo? Kila nikiitumbukiza alikuwa lazima ainyang'anye, na kila mara alikamata mpini. Ile sehemu ya nywele ngumu hakuigusa hata siku moja. Akiigusa kwa bahati mbaya alirudisha mnyiri haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Nilikuwa namtania, namwambia Mkaguzi mzima unaogopa kusugua.

Haya. Yule mwenye mikono ya chuma anakuja.

Shangazi yako


Jumamosi, 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na barua yako, maana yote yametoka humo.

Ilifika Jumatatu. Kuhusu kusamehe, tumeshasameheana, tusiandikiane tena habari hiyo. Kuhusu fimbo na benchi, nililia bafuni, kisha nikarudi kuisoma sehemu ya burashi. Nikafungua kitabu. Vikombe vya kunyonyea kwenye mnyiri vinashika kwa kuziba kabisa uwazi kati ya kikombe na kitu. Juu ya kioo vinashika, juu ya chuma vinashika. Juu ya kitu chenye miiba midogo midogo iliyosimama, hewa au maji yanapita katikati, na kikombe hakipati pa kubania. Haogopi kusugua, Shangazi. Hapati pa kushika.

Jumanne nilipita kwa Fundi mlangoni. Aliniambia bila kuulizwa kwamba asubuhi alikuta tofali limesogea mpaka ukingoni, na kwamba ameanza kumheshimu Mkaguzi. Niliona sina siku za kuchezea.

Mama ana zulia la mlangoni la majani ya plastiki, lile la kijani linalochoma miguu. Niliamka mapema nikalikata vipande vinne virefu. Mpaka sasa anauliza limekwenda wapi, na baba anasema labda upepo.

Jumatano baada ya shule nilikwenda ofisini kwa Mkuu nikiwa nimeandika kurasa tatu. Nilimwekea mezani. Hakuzigusa.

"Umeniandikia vya kutosha, binti," akasema. "Leo nataka kusikia."

Nilisimama pale. Nilijua kila neno lililokuwa kwenye zile kurasa na sikupata la kwanza. Mkuu alisubiri. Sijawahi kuona mtu mzima anayejua kusubiri namna ile; alivua miwani yake akaanza kuifuta, bila kunitazama, na nadhani alifanya hivyo makusudi. Ndipo nikasema kwamba barua yangu haikuwa ya uongo lakini haikuwa ukweli, na yako ilikuwa ya uongo lakini kwa nia njema, na kwamba anayefungua kibanio ni Mkaguzi.

Tulikwenda kutazama. Mkuu, Fundi na mimi, kwenye benchi la mbele. Fundi alikuwa ameondoa tofali na kubana, na nilimwitikia. Kwa muda mrefu Mkaguzi hakufanya kitu. Alikaa chunguni. Fundi akanong'ona kwamba anatuona kama kamati. Mkuu alitazama saa yake mara mbili. Kisha mnyiri ukatoka, ukapanda, ukapita kwenye tundu la mpira, ukapapasa, "ta", mfuniko ukanyanyuka.

Mkuu alisimama akasogea mpaka karibu kabisa na kioo. Nadhani alisahau kama tupo.

"Kwa hiyo tangazo langu lilikuwa sahihi," akasema baadaye.

Nilijua kwamba ningeweza kusema neno lingine lolote. Nikasema, "Ndiyo, lilikuwa sahihi."

Fundi aliniangalia kama niliyempiga teke. Nikaendelea kabla sauti haijaniisha. Nikamwambia Mkuu kwamba tangazo liko sahihi kuhusu kibanio, si kuhusu pweza, na kwamba nina zulia kwenye mkoba. Akaniuliza zulia la nini. Nikalitoa. Nilimweleza habari za burashi yako na vile vikombe, na nikasema kwamba hatuhitaji kumshinda akili, hatutaweza, tunahitaji tu asipate pa kushika.

Fundi alibandika vipande viwili pembeni ya tundu la mpira, pande zote mbili, na viwili juu ya ukingo wa tangi kwa ndani. Alilowa mpaka shingoni akifanya hivyo na hakulalamika. Tukarudi kwenye benchi. Mnyiri ulikuja tena kwa njia yake ya siku zote. Ukagusa majani. Ukasita, ukagusa tena pembeni kidogo, ukarudi ndani haraka. Ulijaribu kushoto, kulia, na chini. Kisha Mkaguzi alibadilika rangi, akawa mwekundu mwili mzima, akashuka chunguni kwa hasira na kutuvutia jiwe mlangoni.

"Sasa amekasirika," akasema Mkuu.

"Amechoka kukaa bure," nikasema. Nilimwambia kwamba hakuwa anatoroka kwa ubaya. Tangi la kaa liko mbele yake na siku nzima hana kazi nyingine. Kama hatatoka, apewe kitu cha kufanya humo ndani: chupa za kufungua, visanduku, vitu vipya kila siku. Mkuu aliuliza nani atakayekuwa anambunia hivyo vitu kila siku. Wote wawili wakanitazama.

Ameamua hivi. Mkaguzi anabaki mwezi mmoja kwa majaribio. Fundi ataongeza kibanio cha pili upande wa pili. Akitoka hata mara moja, ataondoka kwenda chuoni na hakutakuwa na barua. Mimi nitaingia nyuma siku tatu kwa wiki, pamoja na Fundi, mpaka apatikane mhudumu mpya. Na sheria yako ameiandika kwa wino kwenye karatasi ya kituo na kuibandika ngazini, pale lilipokuwa tangazo: anayefunga atasema kwa sauti, hata mbele ya wageni. Hayo maneno ya mwisho sikumwomba aweke. Yametokana na barua yangu ya kwanza kwake, nilikoeleza kwamba niliona aibu mbele ya darasa, kumbe aliisoma yote.

Ndio mwisho wa habari za ofisini. Leo ni Jumamosi, na kuna jingine.

Mwalimu wa biolojia alilirudisha darasa letu jumbani kumalizia michoro tuliyoiacha siku ile. Walisimama pale pale mbele ya kioo. Mimi nilipanda ngazi nyuma, na Fundi alikuwa chini kwenye pampu. Nilifungua mfuniko. Sikukwambia hata siku moja kwamba miaka yote hii sijawahi kuingiza mkono wangu majini. Nilikuwa nakupa wewe ndoo na kuandika kwenye daftari. Leo hukuwepo wa kupewa ndoo. Nilikunja mkono wa sare, nikashika kaa, nikauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Alikuja polepole. Alimchukua kaa kwa mnyiri mmoja akampeleka chini, na kwa mwingine akaanza kunikagua: kidole kimoja kimoja, kiganja, kifundo. Ni baridi, na kila kikombe kinashika na kuachia peke yake, kama watu wengi wadogo wanaokusalimu kwa zamu. Kitabu kinasema anaonja. Alikaa na mkono wangu kama dakika moja, kisha akauachia mwenyewe. Mwambie bibi wa kitanda cha pili kwamba na mimi sijui. Kitabu kinasema anatambua. Hakisemi zaidi ya hapo, na kwa sasa hiyo inanitosha.

Nikashusha mfuniko. Nikabana kibanio cha kwanza, nikabana cha pili. Kupitia kwenye maji niliwaona wote, na wale watatu mbele kabisa.

"Kimelia," nikasema.

Hakuna aliyejibu. Pampu zilikuwa zinanguruma, na kwa kweli nilikuwa nimesema kwa kisauti changu. Mmoja wa wale watatu alishaanza kucheka. Nikashika ukingo wa ngazi, nikasema tena, safari hii kwa sauti niliyokuwa siijui, mpaka mwalimu akageuka.

"Nimesikia," Fundi akaitikia kutoka chini.

Nilifuta mkono kwa aproni yako. Nikaandika kwenye daftari la tangi: saa tisa na nusu, kaa mmoja, vibanio viwili, vyote vimelia. Kisha nikashuka, nikatoka mbele na mkono wa sare umelowa, nikasimama kwenye mstari pamoja na wenzangu, na mwalimu akatuhesabu.

Mimi wako,
Miwani